Minara ya Simu katika Viwanja Vyetu: Tuogope, Tunyamaze, au Tuulize?



Swali moja limezidi kusikika katika jumuiya ndogo ndogo na katika vikao vya halmashauri zetu: je, mnara wa simu uliosimama karibu na nyumba, shule na makanisa yetu unatudhuru? Wako wasemao ya kuwa mionzi yake huleta saratani, huharibu mimba na kufukuza nyuki. Wako pia wajibuo ya kuwa hayo ni maneno ya watu wasiosoma, na kwamba serikali isingaliruhusu mnara kujengwa kama kungalikuwa na hatari yoyote. Swali hilo huwa zito zaidi kampuni inapoomba kupanga sehemu ya ardhi ya parokia. Hapo Kanisa huacha kuwa jirani wa mnara na kuwa mwenye kiwanja, na kodi ya mnara huingia katika mfuko wetu.

Sisi tulio katika utume wa Haki na Amani twaona ya kuwa makundi yote mawili yana pungufu moja. La kwanza lataka tuogope kabla ya kujua. La pili lataka tunyamaze kabla ya kuuliza. Mtume Paulo aliwahimiza Wathesalonike kupima mambo yote na kushika lililo jema. Basi na tupime.

MAWIMBI HAYA NI NINI?

Simu na mnara huongea kwa mawimbi ya redio, ndugu wa yale mawimbi yaliyowaletea babu zetu habari kwa njia ya redio za betri. Yafaa tutofautishe mionzi ya aina mbili. Iko mionzi kama ile ya eksirei na ya madini ya urani, ambayo ina nguvu ya kung'oa chembe za umeme katika atomu na kuharibu seli za mwili moja kwa moja. Mawimbi ya simu hayana nguvu hiyo. Athari yake iliyothibitishwa pasipo ubishi ni kwamba, yakiwa makali mno, huupasha mwili joto, kama vile oveni ya mikrowevu ipashavyo chakula.

Viwango vya usalama vinavyofuatwa na nchi nyingi vimewekwa ili kuzuia joto hilo. Viliandikwa mwaka 1998 na tume ya kimataifa ya wataalamu ijulikanayo kwa kifupi kama ICNIRP, vikafanyiwa marekebisho mwaka 2020. Kwa raia wa kawaida kikomo ni wati 0.08 kwa kila kilo ya mwili, mwili ukichukuliwa mzima, na wati 2 kwa kilo katika sehemu ndogo ya kichwa au kiwiliwili.

Tena, nguvu ya mawimbi hupungua upesi kadiri tunavyokaa mbali na chanzo chake: umbali ukiwa mara mbili, nguvu hubaki robo. Tena mnara haumwagi mawimbi chini yake kama mvua. Huyatupa mbele, kama tochi itupavyo mwanga. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2006 ya kuwa vipimo vilivyochukuliwa karibu na minara katika nchi mbalimbali vilikuwa kati ya asilimia 0.002 na asilimia 2 ya kikomo kinachokubaliwa. Kwa hiyo mtu anayezungumza na simu ikiwa sikioni hupokea kichwani mwake mawimbi makali kuliko yale yatokayo kwenye mnara wa ng'ambo ya barabara. Na mnara ukiwa mbali mno, simu yake hulazimika kuongeza nguvu ili isikike. Mara nyingi twaunyoshea mnara kidole huku simu tumeibana sikioni.

WATAFITI WAMEONA NINI?

Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao Interphone, uliofanyika katika nchi 13 juu ya uvimbe wa ubongo. Kwa ujumla haukuona ongezeko la ugonjwa kwa watumiaji wa simu. Lakini katika asilimia 10 ya watu waliosema wametumia simu kwa saa nyingi kuliko wote, hatari ya aina moja ya uvimbe ilionekana kuzidi kwa asilimia 40. Watafiti wenyewe walionya ya kuwa watu wagonjwa hukumbuka mambo kwa namna tofauti na watu wazima wa afya, hata wengine walitaja saa nyingi zisizoaminika, na hivyo isingewezekana kusema simu ndiyo chanzo.

Mwezi Mei 2011 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi 2B, yaani vitu ambavyo huenda vikaleta saratani lakini ushahidi wake ni haba. Neno hilo limetumiwa vibaya na wengi. Kundi hilo halipimi ukubwa wa hatari. Lapima nguvu ya ushahidi. Sumukuvu ya mahindi na karanga iliyohifadhiwa vibaya, pamoja na moshi wa tumbaku, vimo katika kundi la kwanza, ambamo ushahidi umekamilika. Mawimbi ya simu yako mbali na hapo.

Mwaka 2018 taasisi ya serikali ya Marekani ilitangaza matokeo ya jaribio kubwa lililogharimu dola milioni 30. Panya waliwekwa katika mawimbi ya simu kwa takribani saa 9 kila siku, kwa miaka miwili. Panya dume walionekana kupata uvimbe wa nadra wa mishipa ya fahamu moyoni. Hata hivyo panya hao waliishi muda mrefu kuliko wenzao wasiowekwa katika mawimbi, na kipimo kidogo kabisa walichopewa kilikuwa takribani mara 19 ya kikomo cha mwili mzima kwa binadamu. Mwaka huohuo Taasisi ya Ramazzini ya Bologna, Italia, ilitoa habari ya uvimbe wa aina hiyohiyo katika panya dume waliowekwa katika mawimbi yaliyofananishwa na yale ya minara.

Tafiti za binadamu zimeendelea kutuliza hofu. Nchini Uingereza wanawake wapatao 776,000 walifuatiliwa kwa miaka mingi, na mwaka 2022 ilitangazwa ya kuwa watumiaji wa simu hawakuwa na uvimbe wa ubongo kuliko wasiotumia. Mwaka 2024 utafiti wa Ulaya uitwao COSMOS, wenye watu zaidi ya 250,000, ulifikia neno hilohilo. Mwaka huohuo mapitio ya tafiti 63, yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani, hayakuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo. Lakini mwaka 2025 mapitio mengine, yaliyoagizwa na shirika hilohilo kuhusu tafiti za wanyama, yalisema ushahidi wa uvimbe katika panya dume ni wa kuaminika.

Basi, ndugu, hali ndiyo hii. Tafiti kubwa za binadamu hazijaonyesha madhara. Tafiti kadhaa za wanyama zimeacha swali wazi. Anayesimama mimbarini au mkutanoni na kusema mnara unaua anasema asilolijua. Naye anayesema hakuna swali lolote lililobaki anasema zaidi ya walivyosema watafiti.

UONGO NAO HUDHURU

Twaona vema kutaja madhara ya uvumi. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, ulienea uongo ya kuwa mitambo mipya ya simu ndiyo iliyoleta ugonjwa ule. Huko Uingereza makumi ya minara yalitiwa moto, na mafundi waliokuwa kazini walitukanwa na kutishwa. Watu walinyimwa mawasiliano katika siku walizohitaji sana kumwita daktari. Wenyeji husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lakini Mkristo hana ruhusa ya kulisambaza kabla ya kulipima. Kumshuhudia jirani uongo ni dhambi, hata kama jirani huyo ni kampuni.

Wako pia ndugu zetu wanaoumwa kichwa, kukosa usingizi na kuchoka, nao wanaamini ya kuwa mnara ndio unaowatesa. Mapitio yaliyotolewa na watafiti wa Uingereza mwaka 2005 yalikusanya majaribio 31 yenye watu 725 wa namna hiyo. Hayakupata uthibitisho thabiti ya kuwa watu hao waliweza kutambua mawimbi yalipowashwa na kuzimwa bila wao kuambiwa. Pamoja na hayo maumivu yao ni ya kweli. Tusiwacheke. Aghalabu mtu huyo ameona mnara ukipanda usiku na mchana pasipo mtu kumwambia neno lolote, na hofu peke yake yatosha kumnyima mtu usingizi. Yapasa apelekwe kwa daktari, na yapasa apewe majibu.

MADHARA YANAYOONEKANA KWA MACHO

Sasa tuseme jambo ambalo katika mabishano ya mionzi husahauliwa. Minara mingi katika nchi zetu, hasa mbali na gridi ya umeme au pale umeme unapokatika mara kwa mara, huendeshwa kwa jenereta za dizeli. Mwezi Juni 2012 shirika lilelile la Lyon liliweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la kwanza, pamoja na tumbaku: unaleta saratani, basi. Twatafakari jambo hili kwa mshangao. Watu hukusanyika kupinga mawimbi wasiyoyaona, ambayo ushahidi wake ni haba, wakati moshi wanaouona na kuunusa, ambao ushahidi wake umekamilika, wapita dirishani mwao usiku kucha. Yako pia makelele ya jenereta, mafuta yamwagikayo ardhini na kuelekea visimani, na betri kuukuu zenye risasi ambazo, zikitupwa ovyo au kuyeyushwa uani, huharibu akili za watoto.

Kuhusu viumbe wengine, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oldenburg, Ujerumani, walionyesha mwaka 2014 ya kuwa kelele za umeme za mjini huwapotezea dira ndege wadogo wahamao. Lakini mawimbi yaliyohusika yalikuwa ya masafa ya chini, kama yale ya redio za zamani, wala si ya simu. Hasara iliyo dhahiri zaidi ni ile ya ndege wanaojigonga kwenye minara mirefu na kamba zake. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2012 ilikadiria ya kuwa katika Marekani na Kanada hufa ndege wapatao milioni 6.8 kila mwaka kwa njia hiyo. Taa zinazometameta badala ya kuwaka mfululizo hupunguza sana vifo hivyo, na badiliko hilo si la gharama kubwa.

Tusiwasahau wafanyakazi. Fundi anayepanda mnara hufika mbele ya antena zenyewe, mahali ambapo mawimbi ni makali kuliko popote tunapoishi sisi. Mlinzi hulala kando ya jenereta. Kama kweli twajali afya, na tuanze kuwauliza hao: je, antena huzimwa fundi anapopanda? Je, mlinzi ana kibanda kilicho mbali na moshi?

NANI HULIPIA UTAFITI, NA NANI HUULIZWA?

Mwaka 2007 watafiti walichunguza tafiti 59 za maabara kuhusu athari za simu. Waliona ya kuwa tafiti zilizolipiwa na kampuni za simu peke yake zilikuwa na uwezekano mdogo kabisa wa kutoa taarifa ya athari. Jambo hilo halithibitishi ya kuwa watafiti hao walidanganya. Latufundisha tuulize daima ni nani aliyelipa, kama tumwulizavyo shahidi kortini uhusiano wake na mshtakiwa.

Mwezi Agosti 2021 Mahakama ya Rufaa ya Washington iliamua ya kuwa Tume ya Mawasiliano ya Marekani haikutoa sababu za kutosha za kuendelea na viwango vyake vya mwaka 1996, hasa kuhusu watoto, matumizi ya muda mrefu na mazingira. Mahakama haikusema viwango hivyo ni vibaya. Ilisema tu ya kuwa wananchi waliouliza walistahili jibu lenye sababu. Twaona ya kuwa hapo ndipo penye kiini cha haki katika jambo hili.

Nasi Waafrika tuna malalamiko yetu. Katika zile nchi 13 za Interphone hapakuwa na nchi moja ya Afrika. Katika COSMOS vivyo hivyo. Kwetu watu wengi hutumia simu za bei nafuu, katika maeneo yenye mtandao hafifu ambako simu hutoa nguvu nyingi, na watoto huanza kuzishika mapema. Tunapotumia chombo kwa wingi, yatupasa nasi kuhesabiwa. Serikali zetu hazina budi kuimarisha daftari za wagonjwa wa saratani, maana pasipo hesabu hakuna atakayejua kama ugonjwa umeongezeka au la.

Sheria si adui yetu. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 humpa kila akaaye nchini haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ina kazi ya kupima mionzi, ikiwa ni pamoja na ile ya minara. Nchini Kenya, ibara ya 42 ya Katiba ya mwaka 2010 hutoa haki kama hiyo. Haki isiyodaiwa hubaki karatasini.

MSIMAMO WETU

Mkutano wa Rio wa mwaka 1992 ulikubali kanuni ya tahadhari: pakiwa na tishio la madhara makubwa, kukosekana kwa uhakika kamili kusiwe kisingizio cha kuahirisha kinga. Baba Mtakatifu Fransisko aliikumbusha kanuni hiyo katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, akataka pia wenyeji wa mahali washirikishwe kabla mradi haujaamuliwa. Tahadhari haina maana ya kukataa kila kitu kipya. Kwa simu hizi mama mjamzito huitiwa gari usiku, mkulima huuliza bei ya mazao, na mtoto aliye mjini humtumia mzazi fedha. Kuzivunja minara kungewadhuru kwanza maskini.

Kwa hiyo hatusemi parokia zikatae minara. Twasema zisitie sahihi mkataba wowote isipokuwa kwa masharti haya:

Kwanza, majirani waitwe na kusikilizwa kabla ya mkataba, wala si baada yake, wakiwamo wasio Wakatoliki na wasio Wakristo. Kodi huingia katika mfuko mmoja, lakini makelele na moshi huingia katika nyumba zote.

Pili, kampuni ionyeshe cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira, na kipimo cha mionzi kichukuliwe na mamlaka ya serikali mnara ukianza kazi na kila antena zinapoongezwa. Matokeo yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kanisa, kwa Kiswahili.

Tatu, mnara utumie umeme wa gridi au wa jua kila inapowezekana. Jenereta ikihitajika ifungwe kizuia sauti na kuelekezwa mbali na nyumba na madarasa. Na betri zirudishwe kwa kampuni kwa maandishi.

Nne, mapato yasomwe mbele ya waamini kila mwaka. Siri ya fedha huzaa uvumi kuliko mionzi.

Tano, kwa upande wetu wenyewe, tuishi kwa kiasi. Mwaka 2000 jopo la wataalamu wa Uingereza lililoongozwa na Sir William Stewart lilishauri watoto wasihimizwe kutumia simu pasipo lazima, na mwaka 2015 Ufaransa ilipiga marufuku intaneti isiyo na waya katika vyumba vya kulelea watoto walio chini ya miaka mitatu. Kinga yetu haina gharama: tuzungumze kwa kifupi, tutumie spika au ujumbe wa maandishi, tuepuke maongezi marefu mahali penye mtandao hafifu, na simu isilazwe chini ya mto wa mtoto.

Wako watakaosema masharti haya yataifukuza kampuni, na parokia itakosa fedha za kuezekea darasa. Huenda. Lakini kampuni isiyotaka kupimwa mbele ya watu imekwisha kutupa jibu, na darasa lililoezekwa kwa fedha za namna hiyo litawafundisha watoto somo lisilo jema. Tena twaamini ya kuwa kampuni nyingi zitakubali, kwa sababu vipimo vikiwa vizuri vitaitetea kampuni yenyewe kuliko maneno ya wakala wake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika mtaa wetu kuna minara mingapi, na ni nani kati yetu aliyewahi kuulizwa kabla haijajengwa?

2. Ni maneno gani kuhusu mionzi tumeyasambaza pasipo kuyapima?

3. Je, kuna moshi, makelele au mafuta yanayotoka kwenye mnara? Ni ofisi gani tutaiandikia barua, na nani ataipeleka?

4. Kama parokia yetu ina mkataba wa mnara, je, waamini wameuona?

Twaomba majibu ya swali la tatu na la nne yaandikwe na kufikishwa kwa katibu wa halmashauri ya walei kabla ya kikao kijacho.